Karabini tatu za 9 mm zisizotoboa mfuko: Hi-Point 995, KelTec SUB2000 na Ruger PC Carbine

Karabini ya risasi za bastola ni bunduki ya kitako inayokula risasi ileile ya bastola, na kwa wapiga shabaha wengi wa Marekani risasi hiyo ni 9×19, inayojulikana kama 9 mm. Mvuto wake hauhitaji maelezo mengi. Risasi zake ni za bei ya chini, teke lake ni dogo, na kitako kinaegemea begani, hivyo sahani ya chuma iliyokuwa ikikushinda kwa bastola kwenye mita 25 unaanza kuigonga kwenye mita 50. Katika soko la bei ya chini, majina matatu hayakosekani: Hi-Point 995 ya Ohio, KelTec SUB2000 ya Florida, na Ruger PC Carbine. Zote ni nusu otomatiki, yaani kila ukivuta triga hutoka risasi moja.

Ndani zinafanana kuliko zinavyoonekana kwa nje. Hakuna kinachoifunga bolti, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, wakati wa kufyatua; uzito wake pamoja na springi ndivyo vinavyoizuia mpaka kichwa cha risasi kitoke mtutuni na shinikizo lishuke. Mfumo huu una vipande vichache na ni rahisi kutengeneza, ndiyo maana bei iko chini. Kasoro zake mbili zinatoka hapohapo: bolti nzito inakwenda na kurudi kwa kishindo, na moshi mwingi wa baruti unarudi ndani ya mwili wa bunduki.

Mitutu nayo inakaribiana, inchi 16 na nukta kadhaa. Hiyo inatokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, inayotaka bunduki ya kitako yenye mtutu chini ya inchi 16 isajiliwe kwa utaratibu wa peke yake. Baruti ya risasi ya 9 mm kwa kawaida imekwisha kuungua kabla ya kufika mwisho wa mtutu mrefu hivyo, kwa hiyo usitegemee miujiza ya kasi. Ukiseti vilengeo kwenye mita 45 hadi 50 kwa risasi ya grein 115 (grein ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), kwenye mita 100 itashuka sentimita 15 hivi. Kwa sahani ya chuma hilo si tatizo. Kwa kundi dogo la matundu kwenye karatasi, mita 100 ndipo uvumilivu unapopimwa.

Kwa kuwa utendaji wao ni mmoja, tuzipime kwa mambo yanayozitofautisha: magazini (kasha la risasi linaloingizwa kwenye bunduki), ushikaji na teke, triga na vilengeo, kukwama, usafishaji, ubebaji, na gharama ya mwaka wa kwanza. Magazini imewekwa mbele makusudi. Wanunuzi wengi huanza na sura ya bunduki au bei ya dirishani, kisha wiki ya pili wanagundua kwamba walichonunua hasa ni aina ya magazini.

Magazini

Hi-Point ina magazini yake yenyewe ya risasi 10, za safu moja. Haiingiliani na bastola za kampuni nyingine, kwa hiyo kama tayari una Glock, magazini zako hazitakusaidia kitu. Kwenye majimbo yanayoweka kikomo cha risasi 10, kama California na New York, kasoro hii inapungua uzito. Zipo magazini za watengenezaji wengine zinazobeba risasi 20, lakini ukisikia Hi-Point inakwama kila dakika, swali la kwanza la kuuliza ni kama magazini ni ya kiwandani.

SUB2000 hutoka kiwandani kwa matoleo tofauti ya mshiko, kila toleo kwa magazini ya bastola fulani: Glock, Smith & Wesson M&P, Beretta 92, SIG 226 na nyinginezo kulingana na kizazi cha bunduki. Chagua kabla ya kulipa. Toleo la Glock 19 linakubali magazini ndefu za Glock 17, lakini toleo la Glock 17 haliwezi kukubali magazini fupi za Glock 19, kwa sababu haifiki juu.

Ruger imelitatua jambo hili kwa njia tofauti. Ndani ya boksi kuna visima viwili vya magazini, yaani vipande ambamo magazini huingizwa, kimoja cha bastola za Ruger za SR9 na Security-9, kingine cha Glock. Kubadilisha kunataka kuitoa sehemu ya chuma kwenye kitako, kwa hiyo si kazi ya kufanya katikati ya zamu yako kwenye mstari wa kupigia. Fanya mara moja nyumbani na uache hivyo.

Kwa magazini ya yoyote kati ya hizi, kuna ukaguzi wa dakika moja. Weka risasi mbili, gonga mgongo wa magazini kwa kiganja, kisha itazame kwa ubavu. Ncha ya risasi ya juu inapaswa kuinuka kidogo. Ikiinama, au ukiisukuma kwa kidole ikachelewa kurudi juu, midomo ya magazini imefunguka au springi imechoka. Andika namba kwenye kila magazini kwa rangi. Bunduki ikikwama mara tatu na mara zote tatu ilikuwa namba 4, usiifungue bunduki.

Ushikaji na teke

Hapa ndipo uzito unapoamua. SUB2000 ina kilo 1.9 hivi, Hi-Point 2.8, Ruger 3.1.

Wepesi wa SUB2000 ni raha mgongoni, lakini shavuni ni habari nyingine. Kitako chake ni bomba lenye springi ndani, na shavu linakaa juu ya bomba hilo. Baada ya risasi mia moja, wengi wanahisi mfupa wa taya. Kifuniko laini cha bomba kinasaidia sana, na kusogeza kitako nje nafasi moja kwenye zile zinazorekebishika kunasaidia zaidi, kwa kuwa shavu linapata pa kukaa bila kubanwa. Mkono wa kukokia uko chini ya bomba la kitako, mahali pasipo na mazoea kwa mtu aliyetoka kwenye bunduki nyingine.

Ruger iko upande wa pili kabisa. Ndani ya bolti kuna uzani wa tangsteni unaoteleza na kulipokea pigo la mwisho, hivyo mwendo wa bolti ni mfupi na kishindo kinalainika. Uzito wa bunduki unamalizia. Kitako kina vipande vya kuongeza urefu, jambo ambalo mtu mrefu na kijana mwenye mikono mifupi watalifurahia kwa pamoja. Mkono wa kukokia na kitufe cha kutolea magazini vinahamishika upande, kwa hiyo mashoto hasahauliwi.

Hi-Point inakaa kati. Kitako ni cha plastiki ngumu chenye urefu usiobadilika, mkono wa kukokia uko kushoto, na umbo lake ni nene kuliko hizo nyingine. Haipigi shavu kama SUB2000. Kuhusu sura, wapo wanaoicheka; risasi haijui.

Triga na vilengeo

Ruger inashinda kwenye triga bila ubishi mkubwa, kwa sababu mfumo wake umetokana na ule wa 10/22, bunduki ya Ruger ya risasi ndogo za .22, unaofahamika na kila fundi na wenye vipuri vingi. Triga ya Hi-Point ni nzito, na mwanzoni inakwaruza kidogo kama yenye mchanga. Inalainika kwa matumizi. Ya SUB2000 nayo ni nzito, na kwenye bunduki nyepesi triga nzito huonekana nzito zaidi, kwa kuwa kidole kinaivuta bunduki nzima.

Vilengeo vya Hi-Point ni tundu nyuma na nguzo mbele, na kile cha nyuma kinarekebishwa kwa juu-chini na kushoto-kulia. Kwa bei yake ni vizuri kuliko mtu anavyotarajia. Kwenye SUB2000 marekebisho yote yanafanywa kwenye kilengeo cha mbele, na hapo wengi wanapotea: cha mbele husogezwa kuelekea kosa. Risasi zikienda kushoto, sogeza kilengeo cha mbele kushoto. Zikienda juu, kipandishe.

Darubini ya nukta nyekundu ndiyo inayoleta tofauti kubwa. Hi-Point haina shida, unafunga na kusahau. SUB2000 hukunjwa nusu, na kwenye ile ya Gen 2 (kizazi cha pili), darubini iliyofungwa sehemu ya mbele inagongana na kitako wakati wa kukunja, hivyo unahitaji kishikio kinachotoka haraka au kinachopinduka pembeni. Gen 3, iliyotoka mwaka 2023, inazungusha sehemu ya mbele kwanza, na darubini inabaki mahali pake.

Ruger ina jambo lake la kufahamu, kwa kuwa mtutu wake hutenganishwa na mwili. Vilengeo vya chuma vya toleo la kawaida viko vyote viwili kwenye mtutu, kwa hiyo hata ukiutoa na kuurudisha, havipotezi mahali. Darubini hukaa kwenye mwili, wakati mtutu ndio unaotoka. Kama pete ya kurekebishia kwenye maungio imelegea, utaona kundi la risasi limehama. Jaribio lake ni hili: piga risasi 5 kwa kuegemea mfuko wa mchanga, itenganishe bunduki, iunganishe, piga 5 nyingine kwenye karatasi ileile, linganisha vitovu vya makundi mawili. Umbali kati yake ukiwa mkubwa kuliko kundi lenyewe, kaza pete kwa vidole mpaka mtutu usicheze kabisa, kisha rudia. Koleo haina kazi hapo.

Kukwama, na kwa nini

Zote tatu zinapenda kitu kimoja: risasi za kiwandani za ganda la shaba, ncha ya mviringo, grein 115 au 124. Risasi za ncha bapa au yenye shimo ndizo zinazojikwaa kwenye mlango wa chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa), hasa kwa Hi-Point. Risasi dhaifu mno hazirudishi bolti nzito mpaka mwisho, ganda linabaki limebanwa nusu nje. Kabla ya kuhukumu bunduki mpya, ipe risasi 200 za chapa tatu au nne, na uandike kila ilipokwama: magazini ipi, risasi ya ngapi, ganda lilikuwa wapi.

Hi-Point ina tabia ya kulegea skrubu. Mkono wa kukokia umefungwa kwa uzi wa skrubu kwenye bolti, na mtikisiko unaufungua taratibu. Ukiona unacheza, simama, ondoa magazini, hakikisha chemba iko tupu, kisha ukaze. Tone dogo la gundi ya skrubu ya nguvu ya wastani linamaliza tatizo. Ile ya nguvu ya juu usiitumie, utakuja kuilaani siku ya kufungua. Skrubu za kitako na za reli zikague kila baada ya risasi mia mbili tatu hivi.

SUB2000 haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho, kwa hiyo “klik” ya triga ndiyo taarifa yako kwamba magazini imeisha. Unaweza kuifunga bolti nyuma kwa kuingiza mkono wa kukokia kwenye mkato wake. Anayenunua iliyokwisha kutumika aangalie mambo mawili. Kwanza, bawaba: ikiwa wazi na imefungwa sawasawa, mtutu usicheze. Pili, namba ya bunduki: mwaka 2017 KelTec iliziita zirudishwe baadhi ya Gen 2 kwa sababu ya mitutu ambayo chuma chake hakikukomazwa kwa moto inavyotakiwa, na kampuni ndiyo inayoweza kukuambia kama yako imo.

Ruger ikikwama, mara nyingi chanzo ni magazini au kisima kisichokaa vizuri baada ya kubadilishwa.

Tahadhari moja inazihusu zote, na kwenye mtutu mrefu ina uzito zaidi. Ukisikia “puf” badala ya mlio wa kawaida, au teke likakosekana, acha papo hapo. Huenda kichwa cha risasi kimekwama mtutuni, na inayofuata itaupasua. Ondoa magazini, toa kilicho kwenye chemba, kisha hakikisha mtutu uko wazi kwa fimbo ya kusafishia. Kutazama tu kwenye chemba hakutoshi. Kichwa kinaweza kuwa kimesimama sentimita 30 mbele.

Kusafisha

Moshi unaorudi ndani unafanya kazi hii isiepukike. Ruger ndiyo rahisi kwa mtutu: unautoa na kuusafisha kutoka upande wa chemba, kama inavyopaswa. Kuifungua bolti yenyewe ni kazi ya subira zaidi, kwa sababu ya vipande vyake viwili na springi.

SUB2000 unaikunja nusu, chemba inajitokeza wazi, unapitisha fimbo. Bolti nayo inatoka nyuma kupitia bomba la kitako. Kati ya hizi tatu, mwenye haraka atafurahi hapa.

Hi-Point ndiyo yenye karaha. Kuifikia bolti unatoa kitako, na hapo kuna skrubu, springi na vipande vidogo vinavyopenda kuruka chini ya meza. Watu wengi wanapitisha kamba ya kusafishia kutoka chemba kwenda mdomoni, wanapulizia kisafishio mahali pa kutolea maganda, wanapangusa, wanaweka mafuta kidogo, na kuifungua kabisa mara chache. Njia hiyo inatosha kwa matumizi ya kawaida, mradi ukumbuke kusugua uso wa bolti na kucha ya kutolea ganda kwa mswaki.

Kuibeba

SUB2000 ikikunjwa inabaki na urefu wa sentimita 41 hivi, inaingia kwenye mkoba wa kompyuta. Ruger inatengana vipande viwili: funga bolti nyuma, hakikisha chemba tupu, sukuma kitasa, zungusha mtutu, vuta. Hi-Point inabaki ilivyo, zaidi ya sentimita 75, na inataka begi lake refu.

Wanaoitamani SUB2000 lakini wanachoshwa na bomba lake wajue pia kwamba Smith & Wesson ilileta M&P FPC mwaka 2023, inayokunjwa kwa ubavu na kuacha darubini mahali pake. Bei yake iko karibu na Ruger, ndiyo maana haikuingia kwenye ulinganisho huu.

Gharama ya mwaka wa kwanza

Hi-Point huuzwa karibu na dola 300 na kitu. SUB2000 mara nyingi iko kati ya 400 na 550. Ruger ilipoingia sokoni bei yake ya orodha ilikuwa dola 649, na dukani huonekana chini ya hapo.

Sasa ongeza. Tuseme unataka magazini tano za ziada kwa dola 25 kila moja: hizo ni 125. Mwenye magazini za Glock nyumbani anazitumia zilezile kwenye Ruger au SUB2000, kwa hiyo kwake tofauti na Hi-Point inapungua kwa kiasi hicho. Risasi 2,000 kwa mwaka kwa senti 25 kila moja ni dola 500, na gharama hiyo haibagui bunduki. Kwa maneno mengine, mpiga shabaha wa kila wikendi anatumia kwenye risasi zaidi ya bei ya Hi-Point nzima, na mtu wa mara nne kwa mwaka hafiki huko.

Upande wa dhamana, Hi-Point inaitengeneza bunduki yake maisha yote, hata kwa aliyeinunua mkono wa pili. Hilo linaiongezea thamani kuliko lebo ya bei inavyoonyesha.

Ipi kwa nani

Kama hii ni bunduki yako ya kwanza ya aina hii, unapiga mara chache, huna bastola yenye magazini za kushirikiana, na dola 200 za tofauti ungependa zigeuke risasi, Hi-Point inafaa. Nunua magazini za kiwandani na gundi ya skrubu siku hiyohiyo.

Kama unakaa kwenye nyumba ndogo, unasafiri kwenda uwanjani kwa gari la mtu au kwa pikipiki, au unataka kitu kinachoingia kwenye sanduku dogo la chuma lenye kufuli, SUB2000 haina mpinzani kwa bei yake. Ukipanga kutumia darubini, tafuta Gen 3. Ukiwa na jeraha la taya au miwani mizito inayogusa bomba, kodi moja uijaribu kwa risasi 50 kabla ya kununua.

Kama mtapokezana watu wawili watatu wenye urefu tofauti, au unawaza mashindano ya sahani za chuma ambako triga na teke vinahesabiwa kwa sehemu za sekunde, Ruger ndiyo itakayokuudhi mara chache. Mashoto aanzie hapa. Mtu asiyeweza kushikilia kilo 3 kwa muda mrefu, hata kama mfuko unaruhusu, aangalie kwingine.

Kwa wote: sheria ya shirikisho inaruhusu muuzaji mwenye leseni kumuuzia bunduki ndefu mtu wa miaka 18 baada ya fomu 4473, ambayo mnunuzi huijaza dukani, na ukaguzi wa rekodi, lakini baadhi ya majimbo yanataka 21 kwa bunduki za nusu otomatiki, na mengine yana masharti juu ya mshiko wa kibastola, kitako kinachokunjwa au mdomo wa mtutu wenye uzi wa skrubu. Soma ya jimbo lako kabla ya kuchagua toleo, kwa sababu watengenezaji huwa na matoleo ya majimbo hayo. Kisha ulizia uwanja wako kama unakubali risasi zenye chuma. Viwanja vingi vinazipima kwa sumaku mlangoni, na boksi la risasi 500 lililokataliwa linarudi nyumbani nawe.